Misumari Mdomoni

Mume wangu watu wanamwita Misumari, na si kwa sababu ni mkali. Mkali ni mimi, waulize majirani. Yeye ni fundi makochi, na tangu nimjue anafanya kazi na misumari midogo imejaa mdomoni. Anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, mkono wa kushoto unavuta kitambaa, wa kulia unapiga nyundo. Fundi makochi hana mkono wa tatu, ndiyo maana mdomo unageuka kopo. Sasa mwanamume akishapata kazi ya kufunga mdomo kutwa nzima, tena analipwa, mnadhani ataacha? Ukimuuliza jambo asilolitaka, anainama, anachota misumari, anaitia mdomoni. "Baba Watoto, kodi ya kibanda imelipwa?" "Mm." "Dada yako anasema anakuja kukaa kwetu, ni kweli?" "Mm." Watoto tumewazaa, wamekua, wamekwenda mbali na maisha yao, na nusu ya ndoa yangu nimeongea na "mm".

Kwa hiyo hata alipoanza kupata choo chenye damu, alitia misumari mdomoni. Mimi ndiye ninayefua, nikaona. Nikamuuliza. "Mm." Nikamnyang'anya nyundo, nikasimama mbele yake, akaitema ile misumari kiganjani, akasema, "Bawasiri tu hiyo, Mama. Itaisha." Miezi ikapita akiendesha bawasiri yake hiyo mpaka suruali zikawa zinamvuka kiunoni. Tulipofika hospitali kubwa daktari hakuzunguka. Saratani ya utumbo mpana. Wakampasua, wakakata kipande, wakamshona. Siku ya kutoka wodini alitazama mshono wake kwenye kioo cha bafuni akasema aliyeshona hakuvuta uzi sawasawa, mwishoni pamekunjana. Nikajua angalau akili yake bado iko mahali pake.

Baada ya kushonwa zikaja dripu za dawa ya saratani. Mara moja kila baada ya wiki mbili, kisha katikati watapiga picha waone. Bima tunayo, tena tunailipia bila kuruka. Lakini bima yenyewe ni mwavuli wenye matundu. Inalipa kitanda, inalipa daktari akusalimie, halafu kwenye dawa inalipa moja na kuiacha nyingine, na ile inayoachwa ndiyo ya gharama. Unapanga foleni dirisha la kwanza upate karatasi, unakwenda dirisha la pili ulipe, la pili wanakwambia mtandao uko chini, rudi la kwanza wakugongee muhuri. Siku moja nilimuuliza yule binti wa dirishani, "Huo mtandao uko chini ya nini, nije niusaidie kuinuka?" Hakucheka. Mume wangu akanivuta mkono. Anaogopa nikiwaudhi watamchoma sindano kwa hasira.

Fedha ya dawa ile iliyoachwa na bima ilitakiwa itoke kibandani kwetu. Hapakuwa na pengine. Kibanda kiko mbele ya nyumba, kuta tatu na bati juu, upande wa nne ni barabara. Yeye ana meza yake na makopo ya misumari, mimi nina cherehani yangu pembeni, nashona foronya za mito na vifuniko. Asiposhika nyundo, hakuna dripu. Basi siku chache tu baada ya dripu ya kwanza akaamka mapema, akafungua kibanda, akachota misumari, akaitia mdomoni kama alivyozoea tangu ujana wake.

Akaruka! Aliitema yote chini, ikatapakaa mpaka barabarani. Nesi alikuwa ametuonya kwamba dawa ile haipatani na baridi: asinywe maji baridi, asishike chuma asubuhi, vidole na mdomo vitamchoma. Sisi tulisikia maji, chuma hatukukisikia. Mimi kwa kweli nilicheka, kwa sababu sijawahi kumwona akiruka vile. Halafu nikamwona anajifuta mate kwa kiganja, na mate yana damu, maana mdomo ulikuwa umeshaanza kutoka vidonda. Nikaacha kucheka, nikapiga magoti kuokota misumari barabarani nikiwa nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Tangu siku hiyo akawa anaweka misumari kwenye kifuniko cha kopo mapajani, anaokota mmoja kwa kidole chenye ganzi, unadondoka, anaokota mwingine. Kiti cha saa moja kikawa cha nusu siku. Na mdomo ukabaki mtupu. Nilidhani sasa tutaongea. Thubutu! Alikaa kimya vilevile, ila sasa hana pa kujificha, ukimuuliza kitu anatazama barabarani.

Sasa niwaambie kilichotumaliza, na si saratani. Ni pole.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, ni mtu mwema na mdomo wake hauna mlango. Alisimama mbele ya watu kwenye mkutano wa mtaa, akatangaza ugonjwa wa kaka yake toka utumbo mpaka gharama, akalia, watu wakalia. Alidhani anasaidia. Kuanzia kesho yake wakaanza kuja. Na machungwa. Jamani, machungwa! Mtu ana vidonda mdomo mzima, hata uji anaunywa akifumba macho, wewe unamletea machungwa. Wanakaa kwenye makochi ya wateja, wanatikisa vichwa, wanasema, "Pole sana, fundi. Sasa wewe pumzika tu." Wakiondoka, hawarudi na kazi. Kochi la mama wa duka la dawa, ambalo tulikuwa tumeshakubaliana mpaka rangi, nililiona kwa macho yangu likishushwa kwa Fundi wa Kona, fundi makochi mwenzake. Nikamfuata dukani kwake.

"Mwenzangu, tumekukosea nini?"

"Hapana, dada, hamjanikosea," akasema, na machozi yanamlenga. "Nimemwonea huruma mzee. Nikasema nisimwongezee mzigo."

"Mzigo ndio unaomlipia dawa!"

"Mungu atafungua njia," akasema, akanipa pakiti ya maziwa ya unga, bure.

Niliipokea. Nifanyeje? Nilirudi nyumbani nimeikumbatia pakiti ya maziwa na ninatukana moyoni njia nzima. Kama angekuwa adui ningemtukana kwa sauti nikapoa. Lakini mtu anayekuua huku anakulilia, unamshika wapi?

Kazi zikakauka, ikabaki moja tu. Viti vya ukumbi. Vilikuwa vimeletwa kabla tangazo la wifi halijatoka, viti arobaini vya chuma vyenye makalio ya sponji, vile vinavyokaliwa harusini, vitambaa vimechanika na sponji zimelala. Msimamizi wa ukumbi alikuwa ameshanunua kitambaa kipya chekundu, na mume wangu alishakikata chote. Malipo yake yangetufikisha mpaka kwenye dripu za mwisho. Nililala na kuamka nikiwaza viti vile. Sijawahi kupenda makalio ya watu kiasi hicho.

Lakini mume wangu ana sheria yake, na mafundi makochi wote ninaowajua wanayo. Wao husema kiti kinavuliwa na kinavikwa, na sheria ni kwamba usivue kiti usichoweza kukivika kabla jua halijazama. Kiti kilichovuliwa ni aibu tupu: kutu, sponji iliyooza, matundu ya misumari ya zamani, mwenye kiti akikiona hivyo anapoteza imani. Tena kikishavuliwa hakina pa kwenda. Hakuna fundi atakayepokea kiti kilichovuliwa na mwingine, kwa sababu kikilegea au kikilia, lawama ni zake. Kwa hiyo alikuwa anavua kimoja, anavika kimoja, kwa vidole vyake vya ganzi. Siku akiwa na nguvu, viwili. Vilivyokuwa tayari vilikuwa vichache mno.

Siku ya dripu nyingine wifi alimpeleka hospitali, mimi nikabaki na kibanda. Simu ikalia. Msimamizi.

"Shikamoo, mama. Habari ya mgonjwa?"

"Marahaba. Yuko kwenye dripu. Kesho kutwa yuko kazini."

"Ndilo ninalopigia, mama. Tumekaa kama kamati, tumeguswa sana. Tumeona si utu kumtesa mzee na viti vyetu katika hali ile."

"Nani kakwambia anateswa?"

"Mama, tulia. Kesho asubuhi naja na lori kuvichukua. Fundi wa Kona amekubali kumalizia. Na kamati imechanga kidogo, tutamletea mzee matunda."

"Matunda!" nikasema. Akakata simu akiwa anaamini kabisa ametenda wema.

Nilikaa kwenye cherehani. Nilitaka kumpigia mume wangu, nikakumbuka ana sindano mkononi. Nikatazama vile viti, vimepangwa ukutani mpaka kwenye korido yetu ya ndani, vichafu, vimevaa, tayari kabisa kupakiwa lorini. Vimevaa! Hapo akili ikanijia, na ikinijia mimi huwa inakuja na hasira, siwezi kuzitenganisha. Nikachukua bisibisi na koleo, nikavuta kiti cha kwanza, nikakivua.

Nikavua cha pili. Nikavua cha tatu. Nilikuwa sijawahi kuvua kiti maishani mwangu, lakini kuharibu hakuhitaji ufundi. Ng'oa msumari, vuta kitambaa, tupa. Vumbi la harusi zote za mji huu lilinipanda puani. Vilitoka vibanio vya nywele, maganda ya karanga, kitana, sarafu, hereni moja, meno ya bandia ya juu, sijui mwenyewe alimalizaje sherehe. Misumari ilinichana vidole. Jirani wa pili akapita akauliza, "Mama, vipi, mnahama?" Nikamwambia apite. Jua lilipoanza kushuka hapakuwa na kiti hata kimoja kilichovaa, ukiacha vile vipya vichache. Kibanda kizima kilikuwa mifupa ya chuma na mlima wa matambara.

Teksi ikasimama. Akashuka wifi, akamshusha yeye, amejifunga sweta na skafu kwenye joto lile. Uso umekuwa wa rangi ya majivu. Akasimama barabarani anatazama.

"Nani kavua viti?"

"Mimi."

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kopo la misumari. Mazoea. Ukagusa chuma, ukaruka. Akabaki amesimama na mdomo mtupu, na nadhani hapo ndipo hasira zilipokosa pa kwenda zikatoka. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, hata siku ya posa.

"Miaka yote umekaa hapo kwenye cherehani, umejifunza nini? Usivue usichoweza kukivika! Sasa maji umeyavulia nguo, nani atayaoga? Mimi? Kwa mikono hii?" Akainyoosha. "Shati langu mwenyewe nafungiwa vifungo, wewe unanivulia viti thelathini! Umenidhalilisha mbele ya barabara nzima!"

Nikamweleza habari ya lori. Nikamweleza Fundi wa Kona. Wifi akaingilia, "Wifi, wewe umemuua kaka yangu. Watu wanataka apumzike, wewe unamfunga nira."

"Kaka yako kauawa na tangazo lako!" nikasema. "Wewe na machungwa yenu! Unataka apumzike wapi, kaburini? Huko kuna nafasi ya kutosha."

Nilijua nimevuka mpaka neno likiwa bado njiani. Wifi akaketi chini kwenye matambara akalia. Mume wangu akaingia ndani akajilaza na viatu vyake. Mimi nikafunga kibanda. Hakuna aliyekula.

Asubuhi lori likaja. Akashuka Msimamizi na mfuko wa matunda, akashuka na Fundi wa Kona. Walipoona, Msimamizi akasimama, mfuko unaning'inia mkononi. Fundi wa Kona akazunguka, akainua fremu moja, akachungulia matundu, akairudisha chini taratibu.

"Mimi hivi sivishiki," akasema.

"Lakini tulishakubaliana!"

"Tulikubaliana viti. Hivi vimevuliwa. Aliyeanza ndiye amalize." Kisha akanitazama mimi kwa pembe ya jicho. Alijua. Fundi yeyote angejua. Alitaka kucheka, akajikaza.

"Mama," Msimamizi akasema, "mbona umetufanyia hivi? Sisi tulikuja kwa wema."

Kabla sijajibu, na nilikuwa na jibu ambalo lingemrudisha lorini bila viatu, mume wangu akatokea mlangoni. Sweta, skafu, glovu za sufu mikononi. Akasogea mpaka kwa Msimamizi. Wote tunamjua, tukasubiri "mm".

"Kijana," akasema, "hii kamati yenu ilipokaa, mimi nilikuwepo?"

"Hapana, mzee, lakini..."

"Mlimwuliza nani kama nimeshindwa?"

"Hatukutaka kukusumbua, mzee. Unaumwa."

"Ninaumwa. Sijafa. Nikifa mke wangu atakutangazia, sauti anayo." Akapumua, maana vidonda vilikuwa vinamchoma kila neno. "Mnanionea huruma, asante. Huruma yenu nimeila mpaka imenijaa. Dirisha la hospitali hawapokei machungwa. Ukitaka kunihurumia, niachie kazi yangu, na nikimaliza unilipe siku hiyohiyo, si mwezi ujao. Hiyo ndiyo pole."

Msimamizi akatazama chini. Si mtu mbaya, ndilo tatizo lenyewe. Akasema kuna harusi kubwa mwisho wa mwezi, viti lazima viwepo, vikikosekana kamati itakodi kwingine na gharama itakatwa kwenye malipo yetu. Mume wangu akasema sawa. Fundi wa Kona akapanda lori. Mfuko wa matunda ukabaki juu ya meza.

Lori lilipoondoka mume wangu alinigeukia, akasema, "Haya. Aliyevua ndiye atakayevika. Lete nyundo." Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Nawaambia, kufundishwa kazi na mumeo ni adhabu. Alikaa kwenye kiti chake, miguu ameifunga blanketi, fimbo mkononi, ananielekeza. "Unavuta kitambaa kama unavuta mbuzi. Katikati kwanza! Katikati, halafu kinyume chake, halafu pembe. Nani kakwambia uanze na pembe?" "Ungesema mapema!" "Nilisema, ulikuwa unaongea." Kiti changu cha kwanza kilivimba upande mmoja kama shavu lenye jipu. Akanifanya nikivue tena. Nililia kwa hasira, nikakivua, nikakivika. Wateja wa duka la jirani wakawa wanasimama kutusikiliza, bora kuliko redio.

Kilichonishinda ni misumari. Mkono mmoja umekamata kitambaa, ukikiachia kinalegea. Mkono wa pili una nyundo. Msumari unautoa wapi? Nilijaribu kuuchomeka kwenye nywele, kwenye ukosi wa gauni. Yeye ananitazama tu.

"Tia mdomoni," akasema.

"Nikimeza?"

"Hutameza. Utanyamaza, hilo ndilo litakalokuuma."

Nikaitia. Chuma kina ladha ya damu, hilo hakuwahi kuniambia. Ulimi unajifunza wenyewe kuutafuta msumari na kuusukuma kichwa mbele. Jioni taya zikaniuma. Lakini viti vikaanza kwenda: vitatu kwa siku, halafu vinne. Wifi naye akarudi siku ya tatu, bila salamu, akaanza kukata sponji. Hatukuombana radhi. Alinipikia uji, nikaunywa, yakaisha.

Wiki ya dripu ikafika, wakampima damu, wakasema chembe nyeupe za damu zimeshuka, hawawezi kumwekea, rudi wiki ijayo. Nauli imekwenda, kipimo kimelipwa, foleni ya madirisha tumepanga, halafu rudi wiki ijayo! Wiki ijayo yenyewe ndiyo wiki ya harusi, siku ileile ya kukabidhi viti. Mume wangu akasema basi ataahirisha, viti kwanza.

"Viti unavitengeneza ili upate dripu," nikamwambia, "halafu unaacha dripu ili upate viti? Wewe una akili?"

"Vikikataliwa hatutakuwa na ya kulipia zinazofuata."

"Utakwenda. Wifi atakupeleka. Mimi nitakabidhi."

"Wewe?"

"Mimi. Au mikono yangu ni ya kuvua tu?"

Hakubisha. Wiki hiyo ndiyo walimpiga na ile picha ya katikati, majibu yakasemwa yatatoka siku ya dripu.

Siku ilipofika aliondoka na wifi kabla barabara haijachangamka. Akanigusa bega akipita, kwa glovu. "Pembe," akasema. "Usisahau kukunja pembe." Nikabaki na viti viwili vya mwisho. Nikavivika. Vingine nilishavizoea, lakini hivi viwili vilinitoa jasho, maana nilitaka akirudi asipate la kusema. Nilipomaliza cha mwisho nilikipangusa kwa upindo wa kanga yangu, nikasimama nyuma, nikakitazama. Kilikuwa sawa. Kwa kweli kilikuwa kizuri.

Simu ikalia. Wifi. Alikuwa ananong'ona, na wifi yangu hajui kunong'ona.

"Wamemwekea dripu, wifi. Ameipokea. Yuko sawa."

"Na picha?"

Nikasikia mlango ukifungwa. Halafu akasema kila kitu kwa mkupuo, kama daktari alivyomwambia. Kwamba saratani imeonekana kwenye ini. Kwamba hizi dripu hazitoshi, zitabadilishwa, kuna dawa nyingine kali zaidi, na hiyo bima haiitambui kabisa, wala nusu. Kwamba kaka yake amesikia yote, ameomba tu kujua kama viti vimekwisha.

"Mwambie vimekwisha," nikasema.

Nikakata simu. Nilikuwa bado nimeishika mkononi lori lilipoegesha. Msimamizi akashuka na vijana wa kupakia. Akakalia kiti kimoja, akakijaribu. Akakalia kingine. Kwenye cha tatu akaruka akijishika, kile changu cha siku za mwanzo, msumari mmoja nilikuwa sikuuzamisha vizuri. Nikaugonga mbele yake, akacheka, akasema vingine vyote vimetoka vizuri sana, vimepita hata matarajio yake. Akatoa bahasha, akanihesabia pale pale, siku hiyohiyo kama mume wangu alivyomtaka. Vijana wakabeba, chekundu baada ya chekundu, mpaka kibanda kikawa wazi na kikubwa.

Kikabaki kile cha mwisho mbele yangu. Msimamizi akaja akasimama karibu, akashusha sauti. Alikuwa anauliza kwa moyo wake wote, niliona.

"Na mzee, mama? Daktari anasemaje? Anaendeleaje?"

Nikainama. Nikachota misumari kwenye kopo, nikaitia mdomoni. Kiti kilikuwa kimeshaisha, hakikuhitaji msumari hata mmoja.

"Mm," nikamwambia.

Akasubiri kidogo. Kisha akaona nina kazi, akaenda zake.